Gari Lililonguruma Mama Mkwe Akishuka

Tangu nirudi kutoka Voi, kila mtu wa ploti yetu hapa Amalemba, Kakamega, ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje? Nimechoka kusimulia vipande vipande mlangoni nikiwa na taulo begani, kwa hiyo nimekaa nikaandika yote mara moja. Mwenye kucheka acheke mapema, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha.

Amalemba hadi Mukumu

Mama mkwe wangu anakaa Matungu. Ana dada mmoja tu, Mwanaisha, aliyeolewa Voi na mfanyakazi wa reli. Miaka kumi na minane iliyopita, siku ya kumzika mama yao, mama mkwe alimwambia dada yake mbele ya watu, "Umekuja kuzika, hukuja kuuguza." Mwanaisha alipanda basi jioni hiyo hiyo na hakurudi tena. Salamu zao za Idi zikawa zinapitia kwa watoto.

Sasa Rehema, binti yake Mwanaisha, akapiga simu. Moyo wa mama yake ulikuwa umechoka, hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani, na alikuwa anamwita dada yake. Mke wangu Zaituni akamsogezea mama yake simu. Mama akaisukuma pembeni. Neno alilomwambia mtu ana kwa ana, alisema, hawezi kwenda kuliondoa kwa simu. Atakwenda mwenyewe aombe msamaha kwa mdomo wake. Na ninyi majirani mnaoweka maiti mochari wiki mbili mkichangisha pesa za mahema, kumbukeni sisi Waislamu hatungoji. Mtu akifa asubuhi, jioni yuko kaburini.

Basi la abiria lilikuwa haliwezekani kwa sababu ya nyonga ya mama inayomuuma. Zaituni alikuwa na mtoto mchanga wa wiki tatu. Nikabaki mimi na kigari changu cha zamani cha gia za mkono.

Mnaotoka pande nyingine huenda hamjui maana ya mwanamume wa kwetu kusafiri na mama mkwe peke yao. Hatushikani mikono. Hatuli pamoja. Halali chini ya paa langu, na ndiyo sababu usiku wa kuamkia safari alilala kwa Mama Faiza mlango wa tatu. Haniiti kwa jina. Mwili wangu hautaji kabisa, si kichwa si mguu. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa sidhani kama amewahi kuniambia sentensi moja moja kwa moja. Huwa anamwambia Zaituni, Zaituni ananiambia mimi, hata kama tumesimama hatua tatu.

Safari hii Zaituni hayupo. Saa kumi na moja alfajiri mama akaingia kiti cha nyuma na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na kuku mwekundu wa kumpelekea dada yake. Akatulia. Kisha akasema, "Ingokho, mwambie mwenye gali tumuombe Mungu, twende."

Nikageuza shingo nusu, nikairudisha haraka. Alikuwa anazungumza na kuku; kwetu kuku ni ingokho. Ndivyo tulivyosafiri kilomita mia saba.

Niliendesha kama nimebeba mayai. Kila nilipolazimika kusimama, kwenye matuta au kwa polisi, nilibaki nimekanyaga klachi hadi chini na gia ya kwanza tayari, nisije nikamrusha mama wa watu. Mukumu, kuku akaambiwa kwamba mgonjwa anapenda ndizi za kwetu. Nikasimama. Mama akashuka, nami nikaangalia upande wa pili wa barabara kama inavyotakiwa, nikatia gia fri, ile isiyoendesha gari, nikaachilia mguu.

Gari likaanza kusaga. Krrr, krrr, krrr, kama mtu anayesaga njugu kavu kwenye kinu, chini karibu na miguu yangu. Nikategea sikio. Mama akarudi na ndizi zake, nikajiweka tayari kuondoka, na sauti ikakatika hapo hapo.

Nikajiambia ni masikio yangu, nimelala vibaya.

Kupanda Kericho

Tulipita Kisumu kabla msongamano haujaanza, na barabarani sikusikia kitu ila upepo na matairi. Kericho mvua ilikuwa inanyesha kwenye chai. Kuku akaambiwa kuna watu wanasikianga njaa. Mama alikuwa amebeba obusuma wa wimbi, ugali wetu wa nyumbani, na samaki wa kukausha, umefungwa kwenye majani ya mgomba. Alikula kwanza, ndani ya kibanda cha chai, mimi nikiwa nje. Kisha akatoka, akaweka fungu langu juu ya boneti, akaenda zake. Nikala nimesimama huku boneti ikiupasha moto. Kwa kweli ulikuwa mtamu sana, na sikuwa na mtu wa kumshukuru.

Lakini mama alipokuwa ndani ya kibanda nilikuwa nimeacha injini inanguruma, na krrr ilikuwepo, safari hii kubwa. Kijana mmoja fundi akaja bila kuitwa, akainama.

"Bati la silensa, mzee. Limelegea, linapiga chini."

Akalala kwenye tope, akalikaza bati kwa waya. Ikachukua zaidi ya saa moja kwa sababu waya ilikatika mara mbili. Alipomaliza, mama akapanda, nikakanyaga klachi kuingiza gia, kukawa kimya.

"Umeona?" fundi akasema.

Nikamwona kama mganga. Nilimpa alichotaka na cha soda juu.

Sasa fikirieni nilivyochanganyikiwa Londiani, mama aliposhuka kwenda haja na krrr ikarudi, halafu akapanda ikanyamaza. Nikaanza kuhesabu. Mukumu, alishuka, lililia. Kericho, alishuka, lililia. Londiani vile vile. Mimi si mtu wa ushirikina, lakini nilisema bismillahi kabla ya kutia gia. Gari langu lilikuwa linalalamika mama mkwe akishuka.

Nakuru, mahali siku ilipoishia

Mpango ulikuwa tufike Voi usiku ule ule, hata kama ni saa nne. Saa sita mchana tulikuwa Nakuru, na mama alitaka kuswali. Nilisimama karibu na msikiti, mbele ya safu ya gereji. Akashuka, na gari likapiga kelele mpaka mafundi wakainua vichwa.

Aliyekuja ni mtu mnene mpole, Mbugua. Nikamweleza ukweli. "Linalia mama akishuka. Akipanda linanyamaza."

Mbugua hakucheka. Alijishika kidevu. "Basi ni uzito. Kuna kitu nyuma kinacheza, mama akikaa anakibana."

Ilikuwa na maana! Hayo yalikuwa ndiyo maelezo ya kwanza yenye maana tangu asubuhi. Wakaleta magunia mawili ya viazi kutoka kwa jirani, wakayaweka mahali mama alipokuwa amekaa. Mimi nikiwa nje pamoja nao, injini inanguruma, gari likaendelea kusaga. Wakaongeza gunia la tatu. Wakamkalisha mpwa wake Mbugua juu ya viazi. Krrr.

Mama akarudi kutoka msikitini. Viazi vikaondolewa, nikaruka kwenye kiti changu, nikakanyaga klachi ili nisimcheleweshe, mama akaketi. Kimya kabisa.

Mbugua akanijia dirishani, akanong'ona, "Mama ana kilo ngapi?"

"Haulizwi," nikasema.

"Basi ni upande huo wake. Springi, ama beringi ya gurudumu la nyuma. Usiende nayo Mombasa Road, itakuua."

Niliogopa. Nilimfikiria mama huyu kando ya barabara kuu, malori yakipita, gurudumu likiwa limetoka. Nikakubali. Wakainua gari kwa jeki, wakafungua gurudumu la nyuma la kushoto, wakafungua kila kinachofunguka. Mama akakalishwa kwenye kigoda mbele ya duka la vipuri, kikapu mapajani. Saa nane. Saa tisa. Springi ilikuwa nzima. Beringi ilikuwa nzima, wakaibadilisha hata hivyo.

Nilipopita karibu yake kutafuta maji, nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Ingokho, hawa watu wanatafuta mbali."

Nikadhani amechoka kungoja. Nani asingechoka? Nilisimama pale nikiwa na chupa ya maji, na kuna kitu kilinigusa, kwamba mama huyu ana jambo. Alikuwa ameinamisha macho na midomo imebanwa kama mtu aliyefunika sufuria. Ningeweza kuuliza. Ningempigia Zaituni amuulize kwa niaba yangu. Nikaona haya, nikaenda zangu kwa Mbugua kushika tochi.

Gari lilirudi chini saa kumi na mbili jioni. Mama alipanda, likanyamaza, Mbugua akapiga makofi. Rehema alipiga simu kuuliza tumefika wapi, nikamwambia Nakuru. Akauliza, "Nakuru bado, shemeji?" Nikamwambia inshallah kesho mchana.

Tulilala nyumba ya wageni, yeye chumba cha ghorofa ya juu, mimi mwisho wa korido ya chini kwa heshima. Nilikula chipsi baridi nikiwa nimekaa kitandani.

Nairobi hadi Kibwezi

Tuliondoka baada ya alfajiri. Msongamano wa Nairobi ulitukamata saa mbili, na hapo nilikanyaga klachi mpaka mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka. Gari lilikuwa tulivu kama mtoto aliyeshiba. Nikamsifu Mbugua moyoni.

Emali mama akashuka kunawa uso, na krrr ikarudi na ndugu zake wote. Sasa hata gia zilikuwa zinaingia kwa shida, na kulikuwa na harufu ya mafuta yaliyoungua. Nilipiga usukani kwa ngumi. Nilitukana, na nashukuru mama alikuwa bombani.

Nikajikokota hadi Kibwezi. Pale kando ya barabara kuna duka la oili lenye shimo la kuingilia chini ya gari, na mwenyewe ni mwanamke wa makamo mwenye mvi na ovaroli ya buluu, anaitwa Mama Mueni. Nikamwambia yote, viazi na waya na beringi ya nyuma. Akaniangalia kwa huruma, jinsi unavyomwangalia mtu aliyevaa shati kinyume.

"Katika gari kulikuwa na nani mwingine?"

"Mama mkwe tu."

"Yeye amesikia nini?"

Nikasema sijui. Nikasema hatuongei.

"Hamuongei? Tangu wapi?"

"Tangu Kakamega."

Mama Mueni akapangusa mikono kwa kitambaa. "Baba, hebu nenda ule muthokoi kwa yule mama pale ng'ambo. Usirudi mpaka nikuite."

Nikaenda. Nilikula mahindi na maharagwe yale bila kuyaonja, macho yangu yako ng'ambo. Niliona Mama Mueni ameingia kiti cha nyuma, kando ya mama. Niliona vichwa viwili vimeinamiana. Kisha nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: mama mkwe wangu anazungumza kwa mikono yote miwili. Mama Mueni akahamia kiti changu, akawasha injini. Krrr. Kimya. Krrr. Kimya. Akanipungia nije.

"Keti hapa," akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. Mama alikuwa ameshuka, amesimama mbali ametugeuzia mgongo. "Tia fri. Toa mguu kwa klachi. Inalia? Sasa kanyaga."

Nikakanyaga. Kimya.

"Achilia."

Krrr.

"Ukiwa na mama ndani, unasimamaje?"

Nikautazama mguu wangu wa kushoto.

"Unakanyaganga klachi tu, hutoi mguu, kwa kumuogopa. Akishuka unapumua, unatoa. Gari halijui mama yuko wapi, baba. Linajua mguu wako uko wapi." Akanieleza polepole. Mguu ukiwa juu, injini inazungusha shafti inayoingia kwenye giaboksi hata kama umetia fri, na beringi yake ikiwa mbovu utaisikia. Ukikanyaga klachi, injini na giaboksi vinaachana, shafti inasimama, kelele inakwisha. "Fundi yeyote angejua kwa dakika moja kama ungemwambia habari ya mguu. Wewe umemwambia habari ya mama."

Akaingia shimoni, akafungua nati. Oili iliyotoka kwenye giaboksi ingetosha kukaanga yai moja, nyeusi, ina vumbi la chuma. Sili, ule mpira unaozuia oili, ilikuwa inavuja, pengine tangu nyumbani. Akajaza oili mpya, akanitajia bei ya haki. Kelele ikashuka ikawa mnong'ono. Beringi imeumia, alisema, itakufikisha lakini si ya kuamini. Kazi yote, pamoja na kicheko, ilichukua nusu saa.

"Na yeye amejua tangu lini?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Anasema tangu Londiani. Alikuwa anasikia pedali ikipanda na kushuka. Lakini atausemaje mguu wa mkwe mbele ya wanaume?"

Nilikasirika. Sitawaficha. Niliendesha dakika arobaini nikiwa na hasira na mwanamke mzee aliyekaa na siri hiyo mchana mzima huku nikishika tochi, na kila tuta nilipita kwa kishindo. Hakumwambia kuku lolote.

Baada ya Mtito Andei

Rehema alipiga simu tukiwa tumeiacha Mtito Andei nyuma, kwenye ile barabara iliyonyooka yenye vichaka pande zote mbili. Nikasimama kando. Mama yake alikuwa amefariki saa tano. Wangetungoja mpaka alasiri, zaidi ya hapo wasingeweza.

Nilizima injini kabisa. Hasira yangu ilikuwa imekwisha, sijui ilikwenda wapi. Mama alikuwa amesikia upande wangu tu wa mazungumzo, yaani "ndiyo" tatu na "innalillahi" moja niliyoimeza katikati. Kwetu mkwe hapeleki habari ya kifo kwa mama mkwe. Huenda jirani, huenda shemeji, mtu yeyote. Niliangalia barabara. Lori lilipita, gari likayumba. Hapakuwa na mtu yeyote.

Nikasema, nikiangalia mbele, "Ingokho. Mwambie mama kwamba Mwanaisha ametutangulia. Saa tano."

Kuku alijitikisa kwenye kikapu. Mama akasema dua yote, polepole, hadi mwisho. Baadaye kabisa akasema, "Ingokho, mwambie aendeshe."

Voi

Tulifika saa nane. Wanawake walimpokea mama mlangoni wakamwingiza moja kwa moja ndani, kwa sababu walikuwa wamemngojea amwoshe dada yake. Sikuona yaliyotokea huko na sitayabuni. Nilikaa na wanaume chini ya turubai. Rehema aliniletea maji, na kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu hakulaumu, alisimulia tu. Usiku kucha mama yake alikuwa akiuliza, wamefika wapi? Wakamwambia Nakuru. Akilala kidogo akiamka anauliza tena. Nakuru, wakamwambia. Alipoacha kuuliza ilikuwa karibu na alfajiri.

Nilibeba jeneza pamoja na wengine. Makaburi yako mbali na nyumbani, nami nilibadilishana bega na watu nisiowajua mpaka mwisho. Niliporudi nilikwenda kwenye gari, nikalala chini yake kuangalia kama oili inavuja, kwa kuwa sikujua pa kujiweka.

Nikaona viatu vya mama vimesimama kando ya gurudumu. Nilidhani anapita. Havikuondoka.

"Musa," akasema.

Sikujua kama analijua jina langu kwa mdomo. Nikatoka chini ya gari na mikono michafu, nikasimama, sikujua niangalie wapi. Yeye alikuwa ananiangalia usoni. Mikono yake ilikuwa bado inanuka karafuu maiti.

"Nimemuomba msamaha," akasema. "Nilikuwa namuosha nywele, nikamuomba. Masikio yake yalikuwa hapa." Akaonyesha umbali mdogo kati ya viganja vyake. "Ile siku ya Nakuru nilikuwa najua ni mguu wako. Ningeusema mguu wako, ningemkuta anasikia."

Nilitaka kumwambia kwamba ilikuwa kudra, kama watu walivyokuwa wakisema mchana kutwa chini ya turubai. Haikunitoka. Nikamwambia ukweli, kwamba pale Nakuru nilimwona ana neno, nikaona haya kumuuliza.

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayepokea hesabu sahihi.

"Basi tulimchelewea sisi wote wawili," akasema, "na kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake."